Pesa haikai ndani ya simu: maswali yenu kuhusu waleti

Tangu wale wageni wetu wa Desemba warudi huko nje wanakofanya kazi, maswali mengi yanayoingia ni ya waleti, yaani ile pochi ya kadi ya kwenye simu na ile ya kwenye saa, watu wameona shemeji analipa dukani kwa kusogeza mkono kwa mashine na wao wanataka, na mimi nawaelewa kabisa. Kabla ya kuandika hapa nilikuwa ejenti wa momo, hii pesa ya simu, huko Kireka, nimekaa kibandani miaka mingi, nimeona watu wakifurahi na nimeona watu wakilia kwa sababu ya pesa ya simu, kwa hiyo haya maswali siyajibu mbio mbio.

Dada, habari za Kampala. Binti yangu yuko Manchester, alinitumia iPhone akaniambia mama weka kadi yako ya benki kwa Wallet utakuwa unalipa kwa simu. Nimejaribu mara nne inakataa. Fundi wa hapa anasema simu ni feki nimpe elfu hamsini aitengeneze. Lakini binti alipokuja alilipa supamaketi Kampala kwa saa yake nikiona kwa macho yangu. Yake inakubali kwa nini na yangu inakataa? Mama wa Busia

Mama pole na kazi ya soko, na hiyo elfu hamsini tafadhali usimpe, irudishe kwa biashara yako. Simu yako haina ugonjwa wowote. Hiyo huduma ya kulipa kwa iPhone inaitwa Apple Pay, ilianza Marekani Oktoba 2014 na tangu siku hiyo inaingia nchi kwa nchi, benki kwa benki, manake ukiweka kadi simu lazima iulize benki iliyotoa hiyo kadi kama imekubali kuwa kwenye mpango, na benki zetu hapa Uganda hazijaingia. Ndo maana inakataa. Ukinunua iPhone mpya kabisa ya mwaka huu ukaweka kadi ile ile itakataa vile vile.

Ya binti yako inakubali kwa sababu kadi yake ni ya benki ya Uingereza, ile benki ilishakubali zamani, na mashine ya supamaketi yetu haiulizi kadi imezaliwa wapi. Mashine ikiwa na ile alama ya mawimbi manne yamelala ubavu, inapokea Visa au Mastercard kutoka popote. Shilingi zinabadilishwa kuwa pauni huko kwa benki yake, na mara nyingi benki inaongeza kachaji kake kwa kubadilisha, mwambie aangalie.

Sasa ngoja nieleze kinachotokea ndani, hapa ndo watu wengi wanapotea na hapa ndo mafundi wanakula pesa za watu. Ukiweka kadi kwa waleti, namba halisi ya kadi haikai kwa simu. Inatengenezwa namba nyingine ya badala, inafungiwa kwenye kachipu maalum ndani ya simu, na kila ukilipa simu inatoa na msimbo wa mara moja tu ambao ukishatumika umekufa. Mwenye duka haoni namba yako ya kweli hata siku moja. Mawasiliano yenyewe ni ya karibu sana, sentimita nne hivi, ndo maana lazima usogeze simu mpaka karibu iguse mashine. Kwa hiyo mama, simu imebeba ufunguo tu, pesa iko benki pale pale ilipokuwa. Mtu akikwambia anaweza "kuingiza pesa" ndani ya simu kwa kuifungua na bisibisi, huyo anakutafuta.

Na kitu kingine, angalia kadi yako ya plastiki. Kama ina yale mawimbi manne basi hiyo kadi yenyewe unaweza kuigusisha kwa mashine bila kuichomeka, kazi ni ile ile ya saa ya binti. Alafu usikubali mtu akwambie ubadilishe nchi kwenye simu uandike Uingereza, kadi yako itabaki kadi ya benki ya Uganda na utajisumbua tu na vitu vingine vya simu.

Dada mi niko Arua. Nimenunua smatiwochi laki moja na themanini, kwa boksi imeandikwa NFC na muuzaji alisema inalipa. Nawekaje momo ndani? Kijana wa Arua

Mdogo wangu, najua jibu hili litakuuma lakini bora uambiwe na mimi. NFC ni yale mawasiliano ya karibu niliyomweleza mama wa Busia, lakini neno hilo kwenye boksi halitoshi. Saa nyingi za bei hiyo NFC yake ni ya kufungua milango ya ofisi, na zingine zinaonyesha kimraba cha QR cha malipo ya China ambacho duka nyingi za hapa hazisomi. Saa ya kulipa kweli lazima iwe na ile chipu salama niliyomwambia mama wa Busia, alafu kampuni ya saa iwe imeongea na benki, ndo hizi Apple Watch, Samsung Galaxy Watch, Garmin ambao wana Garmin Pay tangu 2017. Na hata hizo, bila benki iliyokubali upande wetu, ni saa ya kuangalia muda na mapigo ya moyo.

Momo nayo ni mnyama mwingine kabisa. Ilikuja Uganda 2009 na MTN, ikajengwa juu ya laini, sio juu ya simu, unabonyeza *165# au kwa Airtel *185# na mtandao wenyewe ndo unafanya kazi, bila bando, bila programu, kwenye kitochi chenye betri ya siku tano. Watu wa nje wanatushangaa kwa hili na wana haki, mama yangu kijijini analipa ada ya shule kwa simu ambayo haina hata kamera. Saa yako haina hiyo njia.

Itumie kusoma meseji, ila sikia, hapo pia kuna jambo. Meseji ya momo ikiingia saa inawaka mkononi, salio lako linasomwa na kila mtu aliyekaa na wewe kwa taksi, na zile namba za siri za benki za mara moja zinaonekana pia. Ingia mipangilio uzime meseji kuonekana zima zima. Fanya leo.

Hujambo dada. Mimi nesi wa Mbale, naenda London wiki tatu kwa mafunzo, safari yangu ya kwanza kupanda ndege. Rafiki anasema siku hizi kila kitu ni kwa simu, tiketi, basi, treni, nisibebe karatasi. Naogopa kukwama. Nifanyeje?

Hongera sana nyabo, na kuogopa ni akili.

Tuanze na bodingi pasi. Ukifanya cheki-ini kwa simu, kampuni ya ndege inakutumia bodingi pasi yenye kile kimraba cha kusoma na skana, na unaweza kuihifadhi kwenye waleti ya simu yako, iwe iPhone au Android, hiyo haihitaji benki kabisa. Uzuri wake ikishakaa huko inafunguka hata bila intaneti. Ubaya wake ni betri. Usiku ule Entebbe utapiga picha na kila ndugu aliyekusindikiza, utapokea simu arobaini, ukifika mlangoni simu iko asilimia tatu. Beba pawabanki kwa mkoba wa mkononi, na karatasi PRINTI, mia chache tu za shilingi hizo, hata kama rafiki yako atacheka. Pia usishangae ukiwa na bodingi pasi kwa simu bado wakakupeleka kaunta, kwa safari za kwenda nchi zinazotaka viza lazima mtu aangalie hati zako kwanza. Pasipoti na kile kikadi cha njano cha homa ya manjano havikai kwa waleti, picha yake kwa simu ni ya kukusaidia ukipoteza tu.

Sasa London yenyewe. Basi za pale hazichukui pesa taslimu tangu Julai 2014, yaani hata ukiwa na pauni mfukoni dereva hatazipokea, na kondakta wa kumwambia "mumaaso awo", nishushe hapo mbele, hayupo. Unagusisha. Kadi ya Visa au Mastercard yenye mawimbi manne, hata ya benki ya Uganda, kwa kawaida inakubaliwa, kwa hiyo kabla ya kuondoka nenda benki yako uwaambie waifungue kwa matumizi ya nje na uhakikishe ina hayo mawimbi, usipofanya hivyo utakwama siku ya kwanza kabisa na benki itakuwa imefunga huku kwetu.

Sheria ni hizi. Kwa basi unagusisha mara moja unapopanda tu. Kwa treni ya chini ya ardhi unagusisha unapoingia NA unapotoka, ukisahau kutoka wanakukata nauli ya juu kabisa kwa sababu mfumo haujui uliishia wapi. Ukipanda basi ya pili ndani ya saa moja tangu ugusishe ya kwanza hulipi tena. Na kwa siku nzima kuna kikomo, ukishafika hapo safari zinazobaki za siku hiyo hukatwi tena, hata ukizunguka mpaka usiku. Wanajumlisha safari za siku yote wanakata mara moja, hiyo inakusaidia kwa chaji za benki ya kwetu za kubadilisha pesa.

Lakini, na hapa hata watu wanaokaa kule miaka wanakosea, kadi ya plastiki na kadi hiyo hiyo ikiwa ndani ya simu na hiyo hiyo ikiwa ndani ya saa, kwa mashine ni kadi tatu tofauti. Mmekumbuka ile namba ya badala? Kila kifaa kina yake. Kwa hiyo ukiingia treni na plastiki ukatoka na saa, mfumo unaona watu wawili, mmoja hakutoka na mwingine hakuingia, wote wanakatwa. Chagua kimoja asubuhi, utumie hicho hicho mpaka ulale. Wewe kwa wiki tatu tumia plastiki yako, saa usinunue.

Ukija kurudi kwa muda mrefu ukafungua akaunti kule ndo utaona utamu wa simu, iPhone ina mpangilio wa usafiri ambao huhitaji hata kuifungua, unagusisha tu, na simu za kuanzia XS betri ikiisha bado inapitisha kwa saa kadhaa. Nilipoona hiyo nilifikiria kina mama wanaosimama stendi ya Old Taxi Park Kampala na mtoto mgongoni na mizigo mikononi wakitafuta elfu mbili ya chenji, nikatamani sana. Kigali basi wanagusisha kadi yao ya Tap&Go miaka mingi sasa, kwa hiyo sio ndoto ya wazungu, inawezekana hapa hapa kwetu.

Beba kadi ya pili kutoka benki tofauti, iweke begi tofauti. Safari njema, na ukirudi tuandikie.

Dada, mimi ni boda Jinja. Abiria anasema amenitumia, ananionyesha meseji kwa simu yake, nikifika steji naangalia hakuna kitu. Mara tatu sasa.

Pole sana ndugu yangu, hiyo ni jasho lako. Meseji iliyo kwa simu ya mteja haikuhusu. Meseji inaandikwa na mtu yeyote, inabadilishwa jina, inabadilishwa tarehe. Wewe angalia simu yako, na usiangalie meseji peke yake, ingia uangalie salio limeongezeka, manake siku hizi wanatuma na meseji ya uongo kwako inayofanana kabisa na ya mtandao, ila ukitazama mtumaji mara nyingi utaona ni namba ya kawaida. Mpaka salio lipande mteja bado hajalipa, mwambie kwa heshima mngoje pamoja.

Na jiandikishe upate namba ya muuzaji, ile abiria analipa kwa namba hiyo badala ya kukutumia kama mtu na mtu. Mteja hakatwi chaji, na wewe unaweza kulipa petroli kutoka hapo hapo bila kutoa. Kila ukitoa kwa ejenti kuna chaji ya kutoa na juu yake ushuru wa serikali wa asilimia 0.5, ule ulioanza 2018 ukiwa asilimia 1 watu wakapiga kelele ukapunguzwa ukabaki kwa kutoa tu. Kwa mtu anayetoa elfu kumi kumi mara nne kwa siku, hizo chaji ni chakula cha watoto.

Mama, mimi ni mzee mstaafu wa jeshi, Gulu. Simu imeibiwa jana sokoni. Pensheni yangu nimeiweka kwa momo. Imekwenda?

Afande, haijakwenda kama pini yako hukumpa mtu. Nimeandika na kwa simu uliyotuachia lakini naweka hapa kwa wengine pia.

Pesa iko kwa namba yako huko kwenye mtandao, haiko kwa kile chuma walichoiba. Niliwahi kuwa na mteja Kireka, mvuvi, simu ilimdondoka ziwani karibu na Ggaba, akaja kibandani analia kwamba laki sita imezama. Tukafunga laini, kesho yake akaenda na kitambulisho cha taifa akapewa laini mpya ya namba ile ile, akaangalia salio, laki sita zote zimekaa. Alinikumbatia mbele ya foleni nzima.

Fanya hivi hivi. Azima simu ya mtandao huo huo upige 100, waambie wafunge laini NA akaunti ya pesa. Alafu nenda ofisi yao na kitambulisho. Kinachoniogopesha ni pini, kama ni mwaka wa kuzaliwa au 12345 mwizi ataijaribu, na akiingia haishii kwa salio, anaweza kuchukua na mkopo wa MoKash au Wewole kwa jina lako ukabaki unadaiwa. Ndo maana dakika za kwanza ni za maana kuliko kwenda polisi. Polisi nenda baadaye, uchukue barua.

Wenye kadi za nje kwenye iPhone, ingieni Find My, ile programu ya Apple ya kutafuta simu, kutoka simu ya mtu mwingine muweke alama kwamba simu imepotea, malipo yanasimama mara moja. Saa ni salama zaidi kidogo, ikivuliwa mkononi inajifunga na haitalipa mpaka iwekwe namba ya siri.

Habari dada. Nina duka la vyakula Fort Portal, nataka wateja wangu wawe na kadi za pointi kwenye simu kama supamaketi kubwa. Kuna mtu ananiuzia mfumo milioni tatu na nusu. Ninunue?

Mama usinunue bado. Kwanza angalia skana yako ya kaunta. Kama ni ile inayotoa kamstari kekundu kamoja, hizo za leza za zamani zinasoma karatasi vizuri lakini kwenye kioo cha simu zinapata shida, na kile kimraba cha QR hazisomi kabisa. Utalipa milioni tatu na nusu, alafu keshia anaandika namba kwa mkono na foleni inanuna.

Pili waangalie wateja wako. Wangapi wana smatifoni yenye bando saa ile wanafika kaunta? Mteja wa kitochi ni mteja. Kadi ya pointi kwenye waleti ya simu ni bakodi tu iliyobeba namba ya mteja, hakuna uchawi mwingine, kwa hiyo namba ya simu yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, anaitaja, keshia anaandika, pointi zinaingia. Anza hivyo na kompyuta uliyo nayo, uone miezi sita. Kumbuka tu ukishakusanya namba za watu sheria ya kulinda data ya 2019 inakugusa, uwaambie unazitaka za nini, usiziuze, na ujiandikishe kwa ofisi ya ulinzi wa data.

Na tafadhali, uwape watu pointi zao haraka. Mimi nilikusanya pointi kwa supamaketi moja kubwa ya Kampala karibu miaka mitatu, nikingoja zitoshe kununua blenda. Siku moja nikakuta mlango umefungwa, wameondoka, na pointi zangu zimeondoka nao, kadi bado ninayo kwa droo. Mpe mteja kilo ya sukari mwezi huu huu, atarudi. Na nyinyi wasomaji mlio na pointi mahali, nendeni mkazitumie wiki hii.

Dada, niko chuo Mbarara, nimeamua kuacha kubeba pesa taslimu kabisa, kila kitu momo na kadi. Wazazi wanasema nimepotea. Nani yuko sawa?

Wazazi. Februari 2016 siku ya uchaguzi momo ilizimwa nchi nzima, nilikuwa kibandani, watu walikuwa na pesa kwa simu na hawana ya kununua unga, mama mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa na nikampa kutoka mfukoni mwangu. Januari 2021 intaneti ikazimwa siku tano, programu za benki zikalala. Na hata bila uchaguzi, mtandao unaanguka, umeme unakatika, mashine inasema subiri.

Endelea na momo yako, inakulinda na wezi na inakuandikia kila matumizi. Ila weka elfu ishirini mahali, nauli ya kufika nyumbani. Na usiikunje nyuma ya kava ya simu kama mnavyofanya wanafunzi, simu ikienda na yenyewe inaenda.